Mtoto Wetu, Mbwa wa Tiba na Punda wa Mtaani

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa akina mama wa Malindi, Kilifi na Mtwapa, liko moja ambalo tumekaa nalo muda mrefu kwa sababu lina uzito wa pande mbili. Mama ana mtoto wa miaka saba mwenye usonji. Mtoto hasemi ila maneno machache, hamtazami mtu usoni, na pikipiki ikipita kichochoroni hujificha uvunguni mwa kitanda. Katika kuhangaika kwake, mama huyu amesoma kwamba huko Ulaya na Marekani watoto kama wake huletewa mbwa waliofunzwa, na kwamba baadhi yao hutulia, wakacheka, hata wakaanza kutamka. Anauliza: nyumba yetu ni ya sala, na mume wangu hataki hata kulisikia jina la mbwa, je, namnyima mwanangu dawa?

Hatukutaka kumjibu kwa mstari mmoja. Mstari huo ungekuwa ama "mbwa ni najisi, yamekwisha", ama "dharura huhalalisha yaliyokatazwa", na yote mawili yangemwacha mama pale pale alipokuwa, na mtoto uvunguni.

Habari ya mbwa wa tiba haikuanza jana. Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto huko New York, alikuwa na mbwa aliyeitwa Jingles. Siku moja mtoto aliyejitenga na watu aliletwa kabla ya saa yake, akamkuta mbwa yule chumbani, akaanza kumpapasa. Levinson hakumfukuza mbwa. Aliwaacha, na baada ya vikao kadhaa mtoto akamruhusu na daktari mwenyewe aingie katika mchezo wao. Mwaka 1962 aliandika makala kueleza jambo hilo, na inasimuliwa kwamba wenzake walimdhihaki wakamuuliza mbwa hulipwa sehemu gani ya ada. Leo dhihaka hizo zimekwisha, na wanyama huonekana katika hospitali na shule za nchi nyingi.

Ila watu wengi, na sisi tuliwasikia wengi tulipokuwa tukiulizia, huchanganya mambo matatu. Yuko mbwa wa kumwongoza kipofu. Yuko mbwa wa msaada, ambaye hufunzwa kwa muda wa hata miaka miwili kwa ajili ya mtu mmoja, akaishi naye nyumba moja. Kwa mtoto mwenye usonji kazi yake huwa ni kama kumzuia asichupe akakimbilia barabarani. Na yuko mbwa wa tiba hasa, ambaye ana mwenyewe na analala kwa mwenyewe. Huletwa shuleni au wodini kwa nusu saa au saa moja, watoto wakamshika, wakamsomea kitabu, kisha akarudi kwao. Tofauti hii tutaihitaji tukifika kwenye sheria.

Kwani mnyama hufanya nini ambacho mama, shangazi na mwalimu hawakifanyi? Jambo la kwanza ni kwamba hana haraka. Mtoto mwenye usonji huchoshwa na nyuso zetu: tunasema na huku tunakunja uso, tunacheka huku tumekasirika, tunauliza swali na kabla hajajibu tumeongeza la pili. Mnyama husema jambo moja kwa mwili mmoja. Akitaka kwenda, huenda; akiridhika, hutulia. Tena ana joto na manyoya, na mkono wa mtoto unaorudia kitendo kile kile mara mia hapati wa kumwambia "wacha!". Na ana ratiba: lazima ale, anywe, asafishwe, kila siku kwa mpango ule ule, na mpango usiobadilika ni faraja kubwa kwa watoto hawa.

Hapa tuweke mizani sawa. Mnyama si dawa ya usonji, kwa kuwa usonji si maradhi ya kuondolewa kama homa. Ni namna ambayo ubongo wa mtoto umeumbwa na kukua. Utafiti mwingi juu ya mbwa ulifanywa kwa watoto wachache, na matokeo yake yatazamwe kwa hadhari. Uliopangwa kwa uangalifu zaidi haukuhusu mbwa bali farasi. Huko Colorado, Marekani, watoto zaidi ya mia moja wenye usonji, wa umri wa miaka 6 hadi 16, waligawanywa makundi mawili kwa wiki 10. Kundi moja lilipanda farasi; la pili lilikwenda banda lile lile, likafundishwa habari za farasi, lakini bila ya kumgusa farasi hai. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kuwa waliopanda walipungua hasira na kutotulia, na walitumia maneno mengi zaidi. Si muujiza, lakini mama ambaye hajalala usiku kwa miaka mitano ajua thamani ya hasira kupungua.

Sasa tuje kwenye sheria. Sisi si mamufti, na haya tuyaelezayo ni ya kumsaidia mama aende kwa sheikhe wake akiwa na swali lililonyooka. Katika madh-hebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu wa pwani tunayoyafuata, mbwa ni najisi nzito. Mate yake au unyevu wake ukigusa chombo au nguo, huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kumfuga bila ya haja kumekatazwa, na Hadithi zimetaja haja zinazokubalika: kuwinda, kulinda mifugo na kulinda shamba. Tena tumefundishwa tangu chuoni kuwa Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Wamaliki, kwa upande wao, wanaona kila kiumbe hai ni tohara, mbwa akiwemo. Wahanafi wengi wanasema mate ndiyo najisi, si mwili.

Yapo na mengine ambayo wakali wetu huyasahau. Katika Surat al-Kahf mbwa ametajwa pamoja na vijana wale wema wa pangoni, na katika Surat al-Maida tumehalalishiwa windo la wanyama tuliowafunza. Mtume (s.a.w.) alitueleza habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa khofu yake ya mguuni, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Hayo hayafanyi mbwa kuwa tohara kwa Mshafi. Yanatufunza tu kwamba najisi si chuki, na kumrushia mbwa mawe mbele ya watoto si sehemu ya dini.

Kwa hiyo swali la mama yetu hugawanyika. Mbwa wa kukaa ndani ya nyumba ili awe rafiki wa mtoto ni jambo zito kwa madh-hebu yetu, na hatulishauri. Mbwa wa tiba aletwaye kituoni kwa nusu saa ni suala jingine: hakuna anayemfuga, na mkono mkavu ukigusa manyoya makavu najisi haihami. Lakini mbwa hulamba, na mtoto hatulii, na ni mama huyo huyo atakayeosha nguo mara saba akitafuta udongo. Hilo nalo aulizwe sheikhe, na aulizwe mama.

Waislamu wenzetu wa kwingine wamekwisha kupita njia hii. Mwaka 2008, katika mji wa Leicester, Uingereza, kijana kipofu aliyekuwa na mbwa wa kumwongoza aliruhusiwa kufika naye msikitini baada ya Baraza la Sharia la Waislamu la nchi hiyo kutoa fatwa. Mbwa hakuingia pale panaposaliwa. Alitengewa mahali karibu na mlango, akamngoja mwenyewe. Na huko Dearborn, mji wa Michigan wenye Waislamu wengi, kulikuwa na mwanamke kipofu ambaye wazazi wake hawakutaka mbwa nyumbani. Hakubishana nao. Mwaka 2009 alianza kuongozwa na farasi mdogo aliyefunzwa kazi hiyo, kimo chake hakimfiki mtu kiunoni, akawa anapanda naye basi kwenda kazini. Tulipoisoma habari hiyo tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza. Maana yule dada aliuliza swali bora kuliko letu. Hakuuliza kama mbwa anafaa. Aliuliza ni mnyama gani anayeweza kuifanya kazi hii katika nyumba yake na mtaa wake.

Mtaa ndio hasa. Mwaka 1989 watafiti wa California walichapisha jambo walilolishuhudia kwa watoto wanaotembea kwa viti vya magurudumu. Mtoto akiwa peke yake, watu humpita wakiangalia pembeni. Akiwa na mbwa wake wa msaada, watu humtazama, humtabasamia, husimama wakamsemesha. Yaani nusu ya kazi ya mbwa haikuwa kwa mtoto. Ilikuwa kwa majirani. Mnyama aliwapa watu sababu ya kumkaribia mtoto ambaye hawakujua waanzie wapi kumsemesha.

Tuihamishe picha hiyo hadi Shela ya Malindi, saa kumi na moja jioni, mtoto akitoka na mbwa. Wanawake wangekusanya mabuibui yao, watoto wangepanda barazani wakipiga kelele, na kichochoro kingebaki kitupu. Mbwa huyo, hata awe amefunzwa vipi, angemzidishia mtoto upweke ule ule uliomleta. Ndiyo maana tunasema kwamba hata fiqhi tukiiweka kando, kwetu mbwa hawezi kuifanya nusu hiyo ya kazi.

Na nusu hiyo ndiyo tunayoihitaji zaidi. Watafiti walioko Kilifi waliwapima watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9 vijijini, na katika ripoti yao ya mwaka 2006 walikadiria kuwa watoto 61 katika kila 1,000 walikuwa na athari ya wastani au kubwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, kifafa kikiwa ndicho kikubwa kuliko vyote. Tuhesabu: katika mtaa wenye watoto mia moja wa umri huo, sita. Sasa tujiulize tumewaona wapi sita hao. Hatuwaoni kwenye maulidi, wala madrasa, wala pwani siku ya Idi. Wako chumba cha nyuma, na mgeni akija mlango hurudishwa. Si kwamba mama hampendi mtoto. Amechoka kusikia ni mapepo, ni laana, ni kitu mlichokula na yamini, mtoto alipwe makosa ya wazee. Allah (s.w.) alimteremshia Mtume wake Surat 'Abasa kwa ajili ya kipofu mmoja, Ibn Ummi Maktum, aliyegeuziwa uso kwa muda mfupi tu. Sisi tunawageuzia nyuso hawa miaka kumi.

Basi mnyama wetu ni nani? Tunadhani amesimama nje, shogi mgongoni, akingoja mwenyewe amalize chai.

Lamu kila mtu anamjua punda. Yeye ndiye gari lao, na siku za maulidi hushindanishwa ufukoni watu wakajaa. Wengi pia wanaijua kliniki ya punda iliyoko mjini humo tangu mwaka 1987, ya shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary. Kisichojulikana sana ni kwamba mwanzilishi wake, Elisabeth Svendsen, aliyelianzisha shirika hilo mwaka 1969, tangu miaka ya 1970 alikuwa akiwakutanisha punda na watoto wenye ulemavu huko Devon, na kazi hiyo inaendelea hata leo baada ya kufariki kwake. Watu wale wale ambao Lamu huwatibu punda vidonda vya mgongo na minyoo, kwao hujulikana kwa kuwapeleka punda kwa watoto kama wa mama yetu.

Sifa ya punda inayofaa ni ile ile tunayomtukania. Farasi akishtuka hutimka. Punda akishtuka husimama. Sisi tumeuita ukaidi. Kwa mtoto anayepiga kelele ghafla au kurusha mikono, mnyama anayesimama ni salama zaidi kuliko anayetimka. Tena ni mfupi, mtoto amfikia shingoni. Na masikio yake marefu huonyesha wazi hali yake, hata mtoto asiyeweza kusoma uso wa mtu hujifunza kuyasoma. Na kwa upande wa tohara, punda aliye hai si najisi kwetu. Mtume (s.a.w.) alipanda punda, na akampakia Muadh bin Jabal nyuma yake. Kilichokatazwa siku ya Khaybar ni nyama yake. Mavi na mkojo wake ni najisi kama tujuavyo, lakini hayo ni ya kuosha kwa maji ya kawaida tu.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo iko faida ya ziada. Mnyama anapotembea, mgongo wake huyumba mbele na nyuma, kulia na kushoto, na nyonga za aliyempanda husukumwa kwa mwendo unaofanana na wa mtu anayetembea. Misuli iliyokakamaa hupata joto na kulegea, na mtoto hulazimika kuushika mwili wake wima bila ya kuambiwa "kaa sawa". Lakini asipandishwe mtoto kabla ya kuulizwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Mwenye nyonga iliyoteguka, mwenye shingo isiyojimudu, na mwenye kifafa kisichotulia kwa dawa, hao wasipande kabisa. Wala si lazima kupanda. Huko Uingereza kwenyewe siku hizi watoto zaidi na zaidi hukaa chini na punda: wakampiga brashi, wakamlisha, wakamshika hatamu na kutembea naye. Kwa mtoto mwenye usonji, hilo la mwisho huenda likawa ndilo bora, maana anayeshika hatamu ndiye anayeongoza, na mtoto huyu maisha yake yote amekuwa akiongozwa.

Mwenye nia asianze na punda wa kwanza apitaye. Achaguliwe jike au maksai mzee, mtulivu, asiye na vidonda. Punda mwenye kidonda chini ya tandiko ana haki ya kupiga teke. Ajaribiwe kwanza bila ya mtoto: ashikwe masikio, tumbo na miguu, apigiwe sufuria kwa mbali. Mtoto aje kutoka ubavuni, kamwe si nyuma. Siku za mwanzo amwone tu kwa mbali dakika kumi, arudi nyumbani. Siku ya tatu au ya nne ampe jani. Akipanda, pawe na mtu mzima ashikaye hatamu na wengine wawili pande zote mbili, na uzito wa mpandaji usizidi kilo 50. Iwe asubuhi kabla ya kazi au jioni baada ya kupumzishwa, katika ua wenye kivuli. Punda aliyeteka maji tangu alfajiri asitwishwe na hili.

Nyumba isiyo na ua bado ina paka. Paka ni tohara, Hadithi imewataja kuwa ni katika wanaotuzunguka majumbani, na Sahaba mkubwa aliyetusimulia Hadithi nyingi kuliko wote aliitwa Abu Hurayra kwa sababu ya paka wake mdogo. Paka mzima aliyezoea watu ni bora kuliko kipusi, ambaye hukwaruza. Mbuzi naye hufaa, na kuku wa kulishwa kila asubuhi, hata njiwa. Alikuwako mtoto Madina, Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kindege kilipokufa, Mtume (s.a.w.) aliyekuwa na umma mzima wa kushughulikia alimfuata mtoto akamuuliza habari zake kwa upole na mzaha. Wanazuoni wametoa hukumu nyingi katika tukio hilo dogo. Sisi tunaliona la kwanza kabisa kuwa huzuni ya mtoto kwa ajili ya mnyama ilihesabiwa kuwa ni huzuni kweli.

Lazima tuseme na hili, kwa kuwa tunajua msomaji mwingine tayari ameshamfikiria mbwa wa askari wa jirani au koko wa dampo. Hao si mbwa wa tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto asiyesema hatakuambia kuwa ameumwa. Mkague miguu na mikono kila jioni. Ukiona jeraha, lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usitie pilipili wala mafuta ya taa, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Punda na paka pia wanaweza kuambukizwa, basi daktari wa mifugo awachanje na kuwapa dawa ya minyoo. Na mama mjamzito amwachie mwingine kazi ya kusafisha kinyesi cha paka.

Mnyama akiwapo au asiwepo, dawa ya kifafa isikatizwe hata siku moja, na miadi ya mtaalamu wa usemi au wa viungo isiachwe kwa kuwa "siku hizi anatulia na paka". Kituo cha kupima watoto na kuwaelekeza kwenye elimu ya mahitaji maalumu kipo chini ya Wizara ya Elimu. Mwalimu mkuu wa shule ya karibu anapaswa kujua kilipo.

Kwa mama aliyetuuliza, jibu letu ni kwamba humnyimi mwanao kitu. Azungumze na baba watoto, si habari ya mbwa tena, bali ya punda wa jirani. Wakikubaliana watu wazima watatu au wanne wenye watoto wa namna hii, wakodi punda mmoja kwa jioni mbili za wiki, na wamlipe mwenyewe kwa saa hiyo kiasi kile kile ambacho angekipata kwa safari za maji alizozikosa. Bila ya malipo hayo ataridhia wiki ya kwanza kwa kuona haya, na wiki ya tatu punda atakuwa "mgonjwa". Watoto wa mtaa waruhusiwe kuja kutazama, kwa sharti moja: anayetaka kumshika punda amwombe ruhusa anayeishika hatamu.